Makarani wa Eldoret

Mwaka 2005 karatasi zilikuwa zinatushinda. AMPATH, ule ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ilikuwa imefungua kliniki za VVU Mosoriot, Turbo, Burnt Forest na kwingineko, na kila kliniki ilikuwa na fomu zake. Mgonjwa akiingia kwa daktari, awe daktari hasa au afisa wa kliniki ambaye watu humwita daktari vilevile, uzito wake uliandikwa kwa kalamu, na joto lake, kikohozi chake, hesabu ya chembe zake za kinga, CD4, kama ipo, dawa alizopewa, na kama siku za karibuni ameruka tembe. Fomu zikapakiwa garini, zikaletwa Eldoret. Sisi makarani wa data tulikaa mbele ya kompyuta, tukazisoma moja moja na kuziingiza.

Siku hizi watu wakiniuliza jinsi ilivyozaliwa OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa inayotumika sasa katika nchi zaidi ya 40, hutarajia niwasimulie habari za waandishi wa programu. Nitawasimulia, maana walifanya kazi kubwa. Lakini mimi nilikuwa upande wa kibodi, na yako mambo ambayo upande ule uliyaona kwanza.

Mzizi wake uko Mosoriot, kituo cha afya kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet. Mwaka 2001 pale palisimikwa mfumo wa kompyuta uliojengwa kwa Microsoft Access, ukisajili kila aliyefika kutibiwa, awe ana malaria au ni mja mzito. Watafiti walipokuja kupima walikuta muda ambao mgonjwa anautumia kituoni umepungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja peke yake kwa asilimia 38. Kwa mama aliyetembea na mtoto mgongoni tangu alfajiri, hiyo ni nafasi ya kufika nyumbani kabla ya giza.

Kisha dawa zikaja. Desemba 2003 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo la kuwafikishia dawa za VVU watu milioni 3 kufikia mwisho wa 2005, na fedha za mpango wa Marekani wa PEPFAR zikaanza kuingia mwaka 2004. Ambaye hakuishi nyakati zile hawezi kujua mabadiliko hayo yalikuwa nini. Watu waliobebwa kwa machela walirudi baada ya miezi michache wakitembea, wengine tukawapisha mlangoni bila kuwatambua. Na hapo ndipo kazi ya kumbukumbu ilipobadilika kabisa. Mgonjwa wa malaria hutibiwa akaenda zake. Anayemeza dawa za VVU hurudi mwaka hadi mwaka, na daktari wa leo lazima ajue alichokiona daktari wa mwaka juzi, dawa ipi ilibadilishwa na kwa nini, uzito ulikuwa unapanda au unashuka.

Access haikutengenezwa kwa mzigo huo. Jedwali moja lake halipokei zaidi ya safu 255, na faili lake halivuki gigabaiti 2. Kila daktari alipotaka kuongeza swali kwenye fomu, safu mpya ilidaiwa kwenye jedwali, na mtaalamu akaitwa afungue kila kitu upya. Madaktari walikuwa na maswali mapya kila msimu, kwa sababu ugonjwa wenyewe walikuwa wakijifunza kuutibu huku wakiutibu.

Februari 2004 walifika Eldoret madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, ambao pia ni wataalamu wa kompyuta. Taasisi yao ilikuwa inatunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta tangu 1972, na walijua njia ya kuukwepa ukuta ule wa safu. Badala ya kila swali kuwa safu, kila swali liliingizwa kwenye kamusi ya dhana likapewa namba yake. Kila jibu likawa mstari mmoja wenye mgonjwa, tarehe, namba ya dhana na thamani yake. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, kamusi huongezewa dhana moja, na majedwali hayaguswi. Hadi leo huo ndio uti wa mgongo wa OpenMRS, na naamini ndio uamuzi bora kuliko yote waliyoyafanya.

Septemba mwaka huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa MEDINFO huko San Francisco, walikutana na Hamish Fraser wa Partners In Health. Shirika hilo lilikuwa limejenga mifumo yake kwa ajili ya wagonjwa wa Peru na Haiti, likikumbana na matatizo yaleyale. Kila mmoja angeweza kurudi kwake akaendelea kujenga cha kwake. Wakakubaliana kujenga kitu kimoja, wakijenge mahali pa wazi, na atakayekuja akikute. Watafiti wa Afrika Kusini nao wakaingia.

Mahali pa wazi palikuwa wapi? Msimbo wote uliwekwa kwenye hifadhi moja iliyoendeshwa kwa Subversion, na mwenye intaneti popote alipo angeweza kuufungua na kuusoma. Kila badiliko lilipata namba, jina la aliyelifanya, saa, na maelezo mafupi ya sababu. Kasoro ziliandikwa kwenye orodha iliyo wazi kwa wote, kila moja na tiketi yake. Maelekezo ya kusimika yaliwekwa kwenye wiki ya mtandaoni, na mtu wa Eldoret akiona hatua imekosewa aliisahihisha mwenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtu. Chini ya hayo yote kulikuwa na vitu vilivyokwisha kujengwa na wengine na kuachwa huria: MySQL ya kuhifadhi data, Tomcat ya kuwahudumia watumiaji kupitia kivinjari, Hibernate na Spring ndani ya Java. Hakuna aliyeanza kutoka sifuri.

Wakati huo Indianapolis haikuwa inasogeza saa mbele majira ya kiangazi, hivyo tofauti yetu nao ilikuwa saa nane mwaka mzima. Walianza kusogeza 2006, na miezi ya kiangazi ikawa saa saba. Tulipofunga kazi saa kumi na moja jioni, Indianapolis ilikuwa saa tatu asubuhi. Kasoro iliyoandikwa Eldoret mtu akielekea stendi ya matatu ilikuwa mezani kwao wakiianza siku, na mara nyingi kesho yake tulipofungua ofisi ilikuwa imeshashughulikiwa. Marekebisho yalikuja madogo madogo, na udogo ule ulitufaa. Intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ya gharama na ya polepole. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Faili kubwa lingeshuka usiku kucha na kukatika stima ikipotea. Badiliko dogo lilipita.

Lakini tiketi haijiandiki. Kabla ya kuandikwa, yupo mtu aliyeona kitu hakiendi sawa.

Kwetu alikuwapo kijana wa Nandi aliyetoka chuo kikuu, aliyeshughulikia programu upande wa Eldoret. Alikuwa na tabia ambayo sijaiona tena kwa wengi wa kazi yake: alivuta kiti, akakaa nyuma ya karani na daftari, akatazama. Hakutufundisha. Alitazama mkono unapokwenda, mahali tunaposita, tunaporudi nyuma kufuta. Mkubwa wetu mezani alikuwa mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali kabla ya kompyuta kuja, na vidole vyake havikuangalia kibodi. Yule kijana alimwambia, "Mama, nionyeshe tena ulipokwama," naye akamjibu, "Mimi sikukwama, mwanangu, mashine ndiyo imekwama." Kijana aliandika maneno hayo kama yalivyo.

Jambo la kwanza lilikuwa namba za wagonjwa. Namba huandikwa kwa mkono na mtu aliyechoka, ikasomwa na mwingine aliyechoka, na tarakimu mbili zilizokaa pamoja hubadilishana nafasi kwa urahisi wa ajabu. Fomu ya mgonjwa mmoja ikiingia kwa mwingine, daktari atasoma CD4 isiyo ya mtu aliye mbele yake. Makarani waliyajua haya kwa macho: jina la kwenye fomu ni la mwanamume, skrini inaonyesha mwanamke. Dawa ya kosa hilo ipo tangu zamani. Hans Peter Luhn wa IBM aliivumbua njia ambayo hadi leo inalinda namba za kadi za benki. Namba huongezewa tarakimu moja ya mwisho, inayokokotolewa kutokana na zile nyingine. Chukua 4718. Ukianzia kulia unazidisha kwa mbili tarakimu moja na kuruka inayofuata. Jibu likizidi 9 unatoa 9. Unajumlisha yote unapata 17, na kinachokosekana kufikia 20 ni 3. Namba ya mgonjwa inakuwa 4718-3. Karani akiandika 4781-3, kompyuta inakokotoa inapata 1, si 3, na inakataa kupokea. Njia hii hunasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la tarakimu jirani kubadilishana, isipokuwa 0 na 9.

Hesabu hiyo ni ya Luhn na msimbo ni wa waandishi. Ila mtu wa kusema kwamba onyo litokee wakati uleule, kabla ya kuendelea na sehemu ya pili ya fomu, alikuwa mama yule. Alieleza kwamba karani akishageuza ukurasa, mkono wake hauirudii karatasi ya kwanza, hata skrini iwe nyekundu.

Jambo la pili lilikuwa tarehe. Kwenye fomu ya majaribio tuliyopewa, mwezi ulitangulia siku, kama Wamarekani wanavyoandika. Sisi tunaanza na siku. Tarehe 25 haiwezi kuwa mwezi, hivyo kompyuta iliikataa na kosa likajulikana. Lakini tarehe 4 Machi iligeuka kuwa 3 Aprili bila mtu kustuka. Aliyegundua ni karani mwenzangu aliyekuwa akilinganisha miadi ya Turbo: alikuta mgonjwa ameshaonwa siku ambayo haijafika. Ilikuwa bado majaribio, hakuna aliyedhurika, na kijana akaandika tiketi jioni ile. Iliporudi, mpangilio wa tarehe ulikuwa umefungwa na nchi ya mtumiaji. Nimewahi kuwaona wahandisi wakilitaja jambo hilo kama dogo. Kwa mtu anayepewa tembe za siku thelathini, tarehe si jambo dogo.

Na la tatu ni umri, ambalo hata leo linanigusa. Wazee wetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza, atakwambia alizaliwa mwaka wa nzige, au alikuwa kijana wa kuchunga uhuru ulipokuja. Mfumo unaodai siku, mwezi na mwaka humlazimisha karani atunge, na tarehe iliyotungwa ikishaingia hufanana na ya kweli. Ndiyo maana unaona watu wengi katika mifumo ya nchi zetu wamezaliwa tarehe 1 Januari. Katika OpenMRS, pembeni ya tarehe ya kuzaliwa pana kisanduku cha kuonyesha kwamba tarehe hii imekadiriwa. Kisanduku kimoja, ndiyo au hapana. Kwa hicho kompyuta inakubali kwamba mzee hajui, na daktari anayepima dozi anajua asiitegemee tarehe ile. Haja hiyo ilikuwa Eldoret, ilikuwa Rwanda, ilikuwa Haiti, na kisanduku kikaingia katika msingi wa programu, kwa wote.

Februari 2006 mfumo mpya ulianza kazi Eldoret. Haukukamilika, na hakuna aliyesubiri ukamilike. Nyumba ya namna hii huhamiwa ikiwa na vyumba viwili, na vingine hujengwa watu wakilala ndani. Kuingiza data tulitumia InfoPath, programu ya Microsoft isiyo huria, ikikaa juu ya mfumo uliojivunia uhuria wake. Wapo waliolisema sana hilo, na walikuwa na haki. Lakini InfoPath ilikuwepo, ilifanya kazi, na wagonjwa hawakuwa na nafasi ya kungoja iliyo safi zaidi. Baadaye wengine waliandika fomu za kivinjari zilizo huria, na kituo baada ya kituo kikaiacha InfoPath.

Mwaka huohuo wa 2006 OpenMRS ilisimikwa Rwinkwavu, Rwanda. Hapo mabishano yakaanza, ya heri kwa sehemu kubwa. Rwinkwavu walihitaji lugha nyingine kwenye skrini na fomu za aina nyingine, na walichokihitaji wao kingeweza kuharibu tulichokizoea sisi. Njia mbili zilikuwepo: kila nchi ichukue nakala iende zake, au kila kisicho cha wote kitolewe kwenye kiini. Wakachagua ya pili. Kufikia 2007 programu ilikuwa na moduli, vipande ambavyo kituo hujiongezea bila kugusa kiini, na mwaka huo wanafunzi wa mpango wa kiangazi wa Google wakaanza kuandika moduli wakiwa katika nchi ambazo hazikuwa na kliniki yetu hata moja. Kama wangechagua njia ya kwanza, naamini leo tungekuwa na mabaki ya programu kadhaa zilizokufa, na Kenya ingekuwa inanunua leseni.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, mji wetu uliwaka. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret, na miongoni mwao walikuwemo watu waliokuwa wakimeza dawa, walioacha tembe kwenye nyumba zilizochomwa. Anayeacha dawa za VVU ghafla anahatarisha maisha yake, na virusi vyaweza kujenga usugu. Waliofika kazini walitoa kwenye mfumo orodha za waliokuwa na miadi na hawakuonekana, na wahudumu wakazibeba kwenda kuwatafuta. Baadhi ya wenzetu wa mezani walikuwa uwanjani pale nao, na familia zao. Nilizichapa orodha zile nikijua kwamba kila mstari uliingizwa na mmoja wetu.

Baada ya hapo data ilianza kurudi kwa daktari. Muhtasari wa mgonjwa ulichapwa ukawekwa kwenye jalada lake kabla hajaingia, ukiwa na vikumbusho: huyu CD4 yake imepitwa na muda, agiza. Watafiti walilinganisha wakakuta madaktari waliopata vikumbusho wanaagiza vipimo hivyo zaidi ya wasiovipata. Kwetu makarani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona karatasi ikienda upande wa pili.

Hifadhi ya msimbo ya OpenMRS sasa iko GitHub, na ukitaka unaweza kurudi nyuma badiliko kwa badiliko. Nimefanya hivyo. Majina yapo, tarehe zipo, sababu zipo. Naheshimu kila jina lililomo. Ila mama wa vidole visivyoangalia kibodi hayumo, wala yule aliyekuta mgonjwa wa Turbo ametibiwa siku isiyofika. Hifadhi hurekodi aliyeandika mstari, na wao hawakuandika mstari. Wanaotunza kiini cha Linux wana desturi ya siku nyingi: chini ya maelezo ya badiliko huongeza mstari wa jina la aliyeripoti kasoro, ukasimama palepale na jina la aliyeitibu. Haugharimu chochote. Sisi hatukuwa nao, na nasema wazi kwamba ilitupasa kuwa nao.

Yule kijana alihamia Nairobi, akafanya kazi kwenye KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya vituo vya serikali. Mama amestaafu, analima mahindi. Katika hospitali za kaunti wapo makarani wapya, wengi wao wasichana waliozaliwa baada ya mfumo wa Mosoriot, na wakiona kitu hakiendi sawa hupiga picha ya skrini kwa simu wakamtumia msimamizi. Msimamizi hupeleka mbele, tiketi hufunguliwa kwa jina la mtu wa Nairobi. Nimewaandikia wanaoshughulika na jambo hilo nikiwaomba waongeze nafasi moja kwenye tiketi, ya jina la karani na kituo chake, nikaeleza nitakayemtaja wa kwanza kama wangeruhusu kuandika na majina ya zamani.